Trela Iliyoyumba Kasomeno

Kasenga, 14 Mei 1961

Mdogo wangu Alexis,

Tunakusalimu wote wa nyumba hii. Mama yupo, mguu bado unamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Kila jioni anauliza kama umeshapata mke au umeamua kuoa vyuma vya garaji. Claudine amerefuka, sasa anavaa viatu vyangu bila kuuliza. Wadogo walipata surua, imepita. Samaki ni wengi mwezi huu, ila malori ya mjini hayaji kama zamani kwa sababu ya vizuizi vya askari, na samaki hawajui kungoja.

Sasa jambo lenyewe. Ile trela uliyoitengeneza kwa ajili ya boti yetu imemwangusha mume wangu Chola. Anasema tangu alipotoka mjini ilikuwa inatikisa mkia kidogo kidogo. Alipofika kwenye mteremko wa Kasomeno, karibu na kizuizi cha askari, ikaanza kuyumba kulia na kushoto, ikavuta gari lake, kamyoneti nzima, mpaka mtaroni. Amevunjika mfupa wa bega. Amefungwa kitambaa, halali, hatulali.

Askari wa kizuizi walikimbia kumsaidia. Na pale pale mume wangu alipiga kelele mbele yao kwamba ulitaka kumuua: "Ni shemeji yangu! Ule Muluba wa garage! Aliharibu remorque juu nikufe!" Sikuwepo. Amenisimulia mwenyewe, na sokoni wamenisimulia tena, kwa kuongeza chumvi.

Wewe unajua jinsi tunavyotazamwa sisi Waluba, watu wa kaskazini, tangu vita ya kule ianze. Miaka yote hapa nilikuwa Mama Claudine. Sasa nimekuwa dada wa Muluba. Sergent wa kizuizi amechukua jina lako na mahali unapofanya kazi. Wakiamini kwamba uliharibu trela kwa makusudi, hawatakuita kwa maneno, watakuja kukuchukua.

Kwa hiyo nakuomba unijibu mimi kabla ya kuwajibu wao. Ulifanya nini kwenye ile trela?

Dada yako,
Laurentine

*

Élisabethville, 3 Juni 1961

Yaya Laurentine,

Dada yangu mkubwa, barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaisoma tena nimekaa. Mimi mzima. Mwambie mama kwamba vyuma vya garaji havinidai nguo mpya za Pasaka, ndiyo maana naishi navyo kwa amani. Poleni na surua. Na Chola, pole yake ya bega.

Umeniuliza kama polisi. Nitakujibu kwanza kama fundi.

Trela ile ina magurudumu mawili tu, na boti inakaa juu yake kama mbao ya watoto ya kupandishana: ukilemea nyuma, mbele panapanda. Ile pua ya trela, yaani kile chuma cha mbele kinachofungwa kwenye kamyoneti, lazima ilemee. Isilemee mno, maana itakandamiza mgongo wa kamyoneti na usukani utakuwa mwepesi mikononi. Lakini ikiwa nyepesi ni mbaya zaidi. Hapo mkia ndio unaotawala, na ukishaanza kuyumba hakuna dereva wa kuusimamisha. Sisi kazini tunaweka sehemu moja ya kumi ya uzito wote kwenye pua. Mimi niliisogeza ekseli mpaka nikaridhika. Nikamwita Chola ainue pua mwenyewe, kwa mikono miwili, na mgongo wake ukalalamika. Nikamwambia: "Shemeji, kumbuka hii uzito. Ukiona imekuwa nyepesi, usitembee." Mota ya boti nilimwambia aiweke ndani ya kamyoneti. Nawajua nyinyi watu wa mto, kila kizito mnakisukuma nyuma ili boti inyanyue kichwa. Kwenye maji ni sawa. Barabarani ni kifo.

Basi trela yangu ilitoka hapa imenyooka. Kuna mtu aliyeweka kitu kizito nyuma baada ya hapo. Muulize mumeo.

Sasa kama mdogo wako. Umeandika aliyosema Chola, na waliyosema sokoni, na atakayofanya sergent. Wewe unasema nini? Nimetafuta sentensi moja inayosema "mimi siamini," nimeitafuta pande zote mbili za karatasi. Imeniuma sana, yaya.

Alexis

*

Kasenga, 9 Julai 1961

Mdogo wangu,

Usinune kwa kuchelewa kwangu. Mama alipata homa, na aliyekuwa apeleke barua posta alirudi nayo mfukoni. Bega la Chola linaunga, ila limekaa upande, sasa anatembea kama mtu anayesikiliza mlango. Claudine amepewa zawadi na masista kwa kuimba.

Nilimuuliza mume wangu. Anasema boti ilikuwa tupu. Nilimwambia kuhusu mota, akasema: "Mota ilikuwa mu camionnette, na wewe mwenyewe uliona bakiishusha." Ni kweli, niliona. Nikamuuliza kuhusu nyavu. Anasema zilikuwa mbele. Nikamuuliza kuna nini kingine, akaniangalia kidogo, kisha akasema: "Minasema boti ilikuwa bule. Unataka niseme mara ngapi?" Akatoka nje na chakula akakiacha.

Wewe unasema pua ilikuwa nzito. Yeye anasema hakuongeza kitu. Mmoja wenu ananidanganya, na wote wawili mmekula mkononi mwangu.

Chola anasema jambo hili litaisha ukija Kasenga wewe mwenyewe, uitazame trela mbele ya sergent, useme kosa liko wapi. Trela ipo nyuma ya nyumba, imekwaruzika lakini haikupinda. Ameniambia nikuandikie hivyo, nami nimekuandikia.

Usipokuja watasema unaogopa. Mama anakusalimu.

Laurentine

*

Élisabethville, 27 Agosti 1961

Yaya,

Nimefurahi kwa ajili ya Claudine. Huku kwetu hakuna anayeimba. Mtaani kwangu nyumba zinafungwa moja baada ya nyingine. Watu wanabeba magodoro kichwani kwenda kulala karibu na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, kwa sababu vijana wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza watu kabila. Patron wangu, mwenye garaji, alikuwa akinipa mkono kila asubuhi. Wiki hii ananisalimia kwa kidevu.

Barua yako ilifika imefunguliwa na kufungwa tena kwa ugali. Wala sio ugali mzuri. Kwa hiyo wewe unayesoma hii kabla ya dada yangu, nakusalimu na wewe.

Siji Kasenga. Nimeisoma ile sehemu ya mwisho mara nyingi, ile ya kuja mbele ya sergent, na haina sauti yako. Hujaniambia njoo. Hujaniambia usije. Umeandika kama mtu ambaye kuna mwingine amesimama nyuma ya kiti chake.

Lakini sitaki ukae katikati yetu bila kujua ukweli, na ukweli wa trela hauhitaji mimi. Nyinyi mna mizani ya samaki, ile ya kuning'iniza. Iweke boti juu ya trela kama ilivyokuwa, utaona alama ya rangi nyeupe niliyopiga pale ubavu wa boti unapokaa. Nyavu mbele, kama anavyosema. Trela ikae sawasawa, isiinamie popote. Funga pua ya trela kwenye ndoano ya mizani, inyanyue mpaka urefu wa kamyoneti, usome mshale. Ukikuta pua nyepesi, basi mimi ndiye niliyetaka kumuua mumeo, nipeleke kwa yeyote unayemtaka. Ukikuta nzito, kuwa na akili.

Usimwambie Chola kabla ya kupima.

Alexis

*

Kasenga, 8 Oktoba 1961

Mdogo wangu Alexis,

Tumesikia kwamba mjini bunduki zimelia mwezi uliopita, siku nyingi. Mama amepiga magoti mpaka magoti yamekataa. Tuandikie hata mstari mmoja. Hapa tuko wazima, ila mimi sina usingizi, na sababu yake ni mizani yako.

Chola alikwenda Kilwa kununua samaki. Nikamwita Kasonde, mpimaji wetu wa samaki, nikamwambia tunataka kujua uzito wa boti ili tuiuze. Alinitazama kama mtu anayejua kwamba naongopa, lakini akafunga mizani kwenye boriti ya banda. Pua ilikuwa nzito, Alexis. Nzito vizuri kabisa, kama ulivyosema. Nililia pale pale, na Kasonde akadhani nasikitikia boti. Mimi siamini. Ndiyo sentensi uliyoitafuta, na nakuomba radhi kwamba nimeichelewesha.

Halafu nikataka kujua ni kitu gani kingeweza kuitoa nguvu pua ile. Tukaweka gunia la chumvi mwishoni mwa boti. Mshale ulishuka, lakini trela bado ilikuwa na adabu. Nikasema labda mzigo wenyewe ulikuwa mzito zaidi, na mrefu. Nikapanda ndani ya boti mimi mwenyewe, nikajilaza kule nyuma chini ya turubai, na nikamwambia Kasonde asome.

Akasema: "Mama Claudine, sasa hakuna uzito. Hata mutoto anaweza kuinua."

Mimi si mwembamba, wewe unajua. Nililala pale nikitazama giza la turubai na nikaelewa. Mume wangu alibeba mtu. Mtu mzima, amelala nyuma, amefunikwa. Na mtu wa kufunikwa, anayetoka mjini kuja Kasenga na mume wa mtu, ni nani kama si mwanamke? Ndiyo maana alitaja jina lako haraka hivyo. Afadhali wewe uitwe muuaji kuliko yeye aitwe mzinzi!

Ulikuwepo wakati anaondoka. Uliona nini? Usinifiche kwa sababu ya heshima. Sina heshima tena ya kulindwa.

Laurentine

*

Kambi ya wakimbizi, Élisabethville, 12 Novemba 1961

Yaya,

Niko hai. Mwambie mama aamke kutoka magotini. Barua hii nampa Léonie, yule muuza samaki wa Kasenga, aiweke chini ya vikapu vyake. Na wewe usiandike tena kwa posta. Umeandika kwamba kuna mtu aliyelala kwenye boti amefunikwa! Wewe umefikiria mwanamke. Wenye kufungua barua na kuzifunga kwa ugali hawatafikiria mwanamke.

Sasa nasikia hasira, na nitaisema. Walikuja garaji watu wawili, wakauliza jina langu, wakataja neno moja tu: remorque, trela. Patron alinionyesha kwa kidevu, kile kile. Nilitoka kupitia choo, nikaacha koti langu na vyombo vyangu vyote vya kazi. Sasa nalala kwenye kibanda cha magunia na maboksi, pamoja na maelfu ya watu. Nimeharisha damu, imepungua. Ndani ya kambi vijana wamejipa ukubwa, wanapiga watu kwa virungu. Nje ya kambi wananitafuta kwa jina. Yote hii imetoka mdomoni mwa mumeo.

Uliniuliza niliona nini. Siku ile hakuchukua barabara ya Kasenga. Alikata kwenda mtaa wa Katuba. Kabla ya hapo aliniomba nisilikaze turubai sana, akasema: "Acha hewa ipite kidogo." Sikukuambia mwezi wa sita, kwa sababu na mimi nilifikiria mwanamke, na hiyo ni nyumba yako. Leo sijui nifikirie nini. Anaweza kuwa mwanamke. Anaweza kuwa mpelelezi wa mtu fulani. Chola ana marafiki wengi kwenye vizuizi kuliko muuza samaki anavyohitaji.

Muulize tena. Safari hii mwambie umepima.

Alexis

*

Kasenga, 21 Januari 1962

Mdogo wangu,

Mwaka mpya umetukuta hai, asante Mungu. Vita ya mwezi wa kumi na mbili ilimfungia Léonie njia, ndiyo maana umekaa bila neno. Anakuletea samaki wakavu na kitambaa cha shingo cha sufu kutoka kwa mama. Mtoto wa mwisho ameng'oka meno mawili. Claudine haimbi tena, masista wa kizungu wameondoka.

Nilimwambia Chola nimepima. Nilimwambia nililala nyuma na mshale ukashuka, na nikamwambia anitajie jina la mwanamke huyo ili nijue nimchukie nani. Alikaa chini. Akaniangalia kama mtu aliyevua kitu asichokitegemea.

Anasema hakuwa mwanamke. Ni mwanaume, jina lake Anaclet, muuguzi, mtu wa kwetu kaskazini. Askari walikuwa wamekuja kumtafuta mara mbili nyumbani kwake Katuba. Chola aliwahi kutibiwa naye na hakusahau. Alimchukua chini ya turubai ili amvushe mto Luapula, upande wa Waingereza. Alimlaza nyuma kwa sababu nyavu zilijaa mbele, na kwa sababu kwenye maji abiria mzito anakaa nyuma, ndivyo mikono yake ilivyozoea. Maneno yako ya pua aliyasikia kwa sikio moja.

Walipoanguka mtaroni, Anaclet alikuwa bado ndani ya boti na askari wanakuja mbio. Chola anasema alitaka kuwatoa macho kwenye turubai: "Nilikuwa na lazima baangalie remorque, basiangalie bâche. Jina ya Alexis njo ilitoka. Sikuwaza." Basi askari wote wakainama kwenye ekseli kutafuta ubaya wako, na Anaclet akatambaa kwenye majani. Usiku Chola akamfuata, na bega lake lile lile, akamvusha.

Na lile la kukuita mbele ya sergent? Sergent ndiye aliyemshika shingo. Chola alisema nikuandikie, anasema alijua hutakuja.

Alilia, Alexis. Sijawahi kumwona analia, hata kwa maziko ya baba yake. Sasa anasema atakuja kukuchukua kwenye kambi kwa trela ile ile, akulete, akuvushe. Safari hii utalala mbele, anasema, karibu na pua. Niambie unataka nini.

Laurentine

*

Kambini, 11 Februari 1962

Yaya Laurentine,

Samaki walifika, na nilikula mmoja nimejifunika blanketi ili jirani wasisikie meno yangu. Mwambie mama kitambaa kinanikaa vizuri. Nimekonda, hata Chola akinilaza nyuma sasa trela yake haitayumba.

Nimefikiria sana. Hadithi ya Anaclet ni nzuri. Inaingia kila mahali, kama ufunguo uliokatwa vizuri. Lakini mimi nakata vyuma, na kitu kinachoingia kila mahali bila kukwama kinanitia wasiwasi. Huyo Anaclet nani amemwona upande wa pili? Ameandika? Ametuma hata salamu? "Alijua hutakuja," anasema. Alijua, au alikuwa anangoja?

Na hata kama yote ni kweli. Siku ile alikuwa na watu wawili wa kuchagua, muuguzi wake na shemeji yake, akanitoa mimi. Sisemi alifanya vibaya, muuguzi yuko hai na mimi niko hai. Ila mtu aliyenitaja jina mara moja alipobanwa, akibanwa tena kwenye kizuizi kile kile, na mimi niko chini ya turubai yake, atataja nini?

Lakini nikibaki hapa nitakufa polepole. Wiki hii tumezika watu wa mstari wetu wa vibanda, na anayefuata kukohoa ni mimi. Nataka kutoka. Nataka kumwona mama. Kwa hiyo nitapanda, kwa sharti moja. Wewe uwe kwenye kamyoneti, kiti cha mbele, karibu naye, toka Kasenga mpaka hapa na toka hapa mpaka mtoni. Akiniuza mimi, akuuze na wewe. Sidhani kama anaweza.

Najua ninachokuomba, yaya. Nisamehe.

Alexis

*

Kasenga, 4 Machi 1962

Mdogo wangu Alexis,

Sitaandika habari za watoto leo, wako wazima, hiyo inatosha. Léonie anaondoka asubuhi na lori, atakufikia kabla ya Chola. Chola anatoka keshokutwa.

Nilimwambia sharti lako. Akasema hapana. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ni kwa ajili ya kizuizi: "Ku barrière ya Kasomeno bote banajua kama uko dada yake. Bakikuona wewe mbele, batafungua bâche." Ni sababu nzuri. Nimeigeuza kila upande na nimeshindwa kuitoboa. Ila sijui kama ameifikiria kwa ajili yako, au ameitayarisha kwa ajili yangu. Niliuliza tena kuhusu Anaclet. Anasema yuko Fort Rosebery, upande wa Waingereza, anafanya kazi. Hana barua yake. Anasema mtu aliyevushwa haandiki, na hiyo pia ni sababu nzuri.

Nimelala na mwanaume huyu tangu nikiwa msichana. Najua anavyokohoa akidanganya wanunuzi. Juzi hakukohoa, wala hakunitazama. Nampenda, Alexis. Nakwambia wazi, nampenda, na simwamini, na vyote viwili vinakaa ndani yangu usiku kucha.

Basi sikubishana. Nilimwambia sawa, nitabaki. Nilimwambia pia nitakwenda kwa wauguzi wa Kashobwe kwa ajili ya mguu wa mama, nitalala huko, ili asinitafute. Mama anajua ukweli. Claudine atabaki na wadogo.

Nitakuwa ndani ya boti.

Tatizo lilikuwa ni mizani. Tangu lile bega, Chola haondoki bila kuinua pua ya trela kwa mikono miwili, kama ulivyomfundisha, na anaujua uzito wake sasa kama anavyoujua uzito wa mtoto. Nikilala mbele, pua itamlemea na atafungua turubai. Nikilala nyuma, itakuwa nyepesi na atafungua turubai. Alipokwenda kutafuta petroli, nikamwita Kasonde tena na mizani yake. Nililala, nikasogea kidogo kidogo, mgongo kwenye mbao, naye anasoma mshale. Kuna mahali pamoja, juu kabisa ya magurudumu, ambapo mshale ulirudi palepale ulipokuwa bila mimi. Nimepapiga alama ya mkaa. Nikilala pale, uzito wangu wote unashuka kwenye magurudumu na pua haisemi kitu. Nyavu zitanifunika. Kasonde hakuuliza. Alisema tu: "Mama, chukua maji."

Akifika mbele ya kambi, askari wa ONU watakuwa karibu. Usimjibu Chola kwanza, hata akikuita kwa jina, hata akilia. Pita nyuma yake, njoo mpaka kwenye boti, gonga ubao kwa kiganja, uniite kwa sauti ya chini. Nikiitika, panda, ulale mbele kwenye pua, na mimi nitabaki pale pale nilipo mpaka mtoni. Akitaka kusema jina lako Kasomeno, nitatoka chini ya nyavu na atalisema mbele ya uso wangu.

Nisipoitika, basi ujue alinigundua njiani. Rudi ndani ya kambi, na usigeuke kumwuliza niko wapi.

Yaya yako,
Laurentine